Mimea Saba Inayojua Kupika Pombe Kuliko Mpishi

Kila kilabu cha pombe ya kienyeji kina mzee anayeapa kwamba siri yote iko mkononi mwa mama muuza. Shikamoo mzee, lakini hapana. Mama muuza ni katibu wa kikao. Wenyekiti wako shambani, mtoni na porini, na leo tunawapanga kuanzia wa saba hadi wa kwanza. Kigezo ni kimoja: mmea umefanya kazi gani ambayo binadamu peke yake ingemshinda?

Gongo halimo. Hilo ni kazi ya moto na bomba, lina mashabiki wa kutosha, na mahakimu wa kutosha pia.

7. Maua ya miombo

Tunaanza na ugomvi, maana nyuki atadai kazi ni yake, na ana mwiba wa kutetea hoja. Asali safi ya kule Tabora hukaa muda mrefu bila kuchacha kwa sababu ina maji kidogo mno. Chachu zimo au zitakuja, ila hazina pa kufanyia kazi. Izimue kwa maji, zinaamka, na siku chache baadaye una wanzuki. Maua yamewekwa mkiani kwa kosa la kutuma mwakilishi.

6. Ndizi ya rubisi

Mhaya ana ndizi za kupika na ana ndizi za pombe, na ukizichanganya utaonekana mgeni hata kama kijiji kizima ni wajomba zako. Ndizi za pombe zina uchungu unaokausha ulimi. Huo ndio ujanja wao: zingekuwa tamu, watoto wangezimaliza kabla hazijafika mtumbwini. Zikiiva, zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka zitoe juisi, unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, na kesho yake watu wanaanza kupita hapo nyumbani "kusalimia tu". Ukiuliza kama miguu ilioshwa, unaongezewa kata nyingine ili usahau swali.

5. Mnazi

Mgema anapanda na kotama, anakata ncha ya karara ambalo halijafunguka, anatundika kibuyu. Atarudi asubuhi na jioni kukata kipande kingine chembamba, maana kidonda kikikauka, tembo limekwisha. Chachu hazihitaji mwaliko: ziko hewani, ziko kibuyuni, na zimeanza kazi kabla mgema hajagusa ardhi. Asubuhi tembo ni tamu, jioni ni kali, na ukilisahau siku kadhaa umejipatia siki ya kachumbari.

Karara lililogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila familia lazima ichague kati ya wali wa nazi na mazungumzo marefu. Kilifi, kwa Wagiriama, jibu linajulikana: mahari bila mnazi ni wageni waliokuja kupunga upepo. Na ile methali ya mgema anayesifiwa akatia tembo maji, mimi naona inamwonea. Mbona hakuna methali ya msifiaji aliyeendelea kusifu bila kugundua kuna maji?

4. Mwanzi

Iringa na Njombe, masika yakianza, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha na maji yake hudondokea kwenye mbeta, chombo kilichokatwa kutoka kwenye mwanzi huohuo. Mti unatoa kinywaji na unatoa glasi. Ni watengeneza pombe wachache wenye utaratibu huo. Ulanzi mpya, mtamu, ni mtogwa. Ukilala unakuwa mkangafu, na wewe ukiunywa unalala pia.

Kinachonifanya niuheshimu mwanzi ni masharti yake. Mvua zikikata, umefunga ofisi, na hakuna kiongozi wa kumpigia simu. Isitoshe, chipukizi lililogemwa haliwi tena mwanzi mkubwa, hivyo mkulima lazima aache mengine yakue la sivyo shina zima litadhoofu. Yaani ni pombe inayodai uwe na mpango wa miaka ijayo. Wanywaji wa namna hiyo ni wachache.

3. Msesewa

Mbege ya Uchagani huanza na ndizi mbivu zilizochemshwa na kuachwa zichache siku kadhaa. Hiyo ni nyalu. Kisha unakuja mso, uji wa ulezi, na humo ndimo linamotiwa gome la msesewa. Bila gome una uji wa ndizi wenye tabia mbaya. Likiwemo, una mbege.

Bavaria, mwaka 1516, watawala walitunga sheria kwamba bia ni shayiri, hops na maji. Hops ni ua chungu: linakata utamu na kusaidia bia isiharibike upesi. Kilimanjaro nako utamu unahitaji mtu wa kuunyamazisha, na kazi hiyo amepewa msesewa, ila sheria yake inatungwa na ulimi wa bibi, wala haina kifungu cha rufaa.

Wanabotania wanauita mti huu Rauvolfia caffra. Waingereza waliouonja wakauita mti wa kwinini. Kwinini haimo hata chembe, ni uchungu tu uliowababaisha. Lakini si mti wa mchezo. Ndugu yake wa India, Rauvolfia serpentina, ndiye aliyetoa reserpine, dawa ya kushusha shinikizo la damu iliyotengwa mwaka 1952. Ndiyo maana bibi hupima gome kwa jicho kali. Akizidisha, mti wenyewe unamshtaki: mbege inakuwa chungu isiyonyweka, na wageni wanakumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kukamua.

2. Mwegea

Kwanza ushauri wa bure: usiegeshe gari chini ya mwegea. Tunda lake lina uzito wa kilo kadhaa na halipigi honi. Maua yake hufunguka usiku, popo wakiyahudumia, na tunda bichi lina sumu. Sasa niambie, ni nani aliyelitazama akawaza sherehe?

Wakikuyu waliwaza. Tunda hukatwa, likachemshwa, likaanikwa juani, kisha likatumbukizwa kwenye maji ya asali au ya muwa karibu na moto. Siku chache baadaye, muratina tayari. Tunda linatolewa, linaanikwa tena na kusubiri zamu yake, huku chachu zimejificha kwenye nyuzi zake. Louis Pasteur alianza kuonyesha miaka ya 1850 kwamba uchachu ni kazi ya viumbe hai. Wazee wa Murang'a viumbe hao walikuwa wanawaanika uani, na kuku wamefukuzwa.

1. Ulezi

Najua, mlitegemea kitu kikubwa. Punje yake ni ndogo kuliko kichwa cha kiberiti. Lakini iloweke, iache iote, na inaamini kwamba masika yamefika: inaunda vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari ili kulisha mche. Hapo unaukatiza msimu wake, unaianika na kuisaga. Hicho ni kimea, na kimea ndicho kinachoshikilia nusu ya vilabu vya Afrika Mashariki. Mso wa mbege unakihitaji. Busaa ya magharibi mwa Kenya, ile ya unga wa mahindi uliochachushwa na kukaangwa, inakihitaji kabla wazee hawajazunguka chungu na mirija yao mirefu.

Kama huamini, nenda Songea ukaone togwa ikitengenezwa. Uji wa mahindi mzito unaong'ang'ania mwiko unatiwa kimea, na muda si mrefu unaanza kulegea machoni pako, bila kuongezwa maji. Watoto wanaunywa. Ndicho kinywaji pekee humu unachoweza kumkaribisha nacho mchungaji bila kufunga pazia.

Wachaga, kabla hamjaandika barua: mbege imeingia mara mbili, na migomba yenu sijaihesabu. Ndugu zangu wa Kilifi mnaonung'unikia nafasi ya tano, leteni malalamiko kabla ya jioni. Yakilala, yatakuwa siki.