Wino wa Samawati na Masaibu Yake
Wino wa kalamu ya nibu ni maji kwa sehemu kubwa, na rangi kidogo iliyoyeyushwa humo. Katika samawati hafifu, kama Bleu Azur ya J. Herbin ya Ufaransa, rangi hiyo ni haba zaidi, ingawa bei haipungui. Chupani wino huu hupendeza mno kwa sababu jicho linatazama kina chake chote. Karatasini hubaki utando tu, na huzuni huanzia hapo.

Kabla ya kujaribiwa, kalamu huoshwa kwa maji baridi, yakivutwa na kusukumwa mpaka yatoke bila rangi. Wengi huacha yanapokaribia kuwa safi. Chini ya nibu kuna kipande cha plastiki chenye mifereji myembamba, na mifereji hiyo haiachii wino wa zamani kirahisi. Kama uliotangulia ulikuwa mweusi, mistari ya kwanza hutoka buluu ya kijivu, nzuri kiasi cha mwenye kalamu kumwita mkewe aje kuitazama. Mke akifika, mabaki yamekwisha, na anaonyeshwa ukurasa ambao lazima ainamishe kichwa dirishani ili ausome.

Kalamu iliyoachwa bila kifuniko hudanganya vivyo hivyo: maji hukauka, rangi hubaki kwenye nibu, na neno la kwanza huwa zito kuliko yanayofuata. Katika barua ndefu msomaji makini anaweza kujua mwandishi alisimama wapi kunywa chai.

Nibu nene husaidia. Karatasi laini isiyofyonza haraka husaidia pia, maana wino hujikusanya mwishoni mwa kila mkato na kukoza herufi upande mmoja. Tatizo ni kwamba haukauki upesi, na karatasi ya kukaushia, iliyoletwa kuokoa hali, huondoka na nusu ya salamu.

Zamani wapanga kurasa waliutaka udhaifu huu. Filamu za kamera za uchapaji hazikutofautisha samawati hafifu na weupe wa karatasi, hivyo maelekezo yaliyoandikwa kwa rangi hiyo hayakutokea kwenye chapa. Anayejaza fomu kwa wino huu huweza kupata huduma hiyohiyo bila kuiomba: nakala hurudi na mistari na visanduku vyote, isipokuwa jina lake.

Kwenye shati jeupe, hata hivyo, samawati huonekana vizuri sana, kwa kuwa pamba hunywa tone zima. Hatari ni kubwa zaidi ndani ya ndege. Ikipanda, kanieneo la hewa hushuka, na hewa iliyomo ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje. Kwa hiyo kalamu ya safari hujazwa pomoni au humwagwa kabisa, kisha husimamishwa mfukoni nibu ikielekea juu. Inayoharibu mashati ni ile iliyojaa nusu.