Taadhima ya Puti

Waungwana wana desturi ya kuvisifu vitu visivyohitaji kusifiwa. Dhahabu husifiwa ilhali inajiuza yenyewe. Matatu za Nairobi husifiwa rangi zake, taa zake, na muziki wake unaovitetemesha vioo vya maduka ya Naivasha Road kabla jua halijachomoza. Hata nzi alimpata Lucian wa Samosata wa kumwandikia sifa zake katika karne ya pili, na upumbavu ukampata Erasmus, ambaye kitabu chake juu ya kadhia hiyo kilipigwa chapa mwaka 1511. Puti peke yake haikupata mtu. Rojo hili la kijivu ambalo mafundi wa Gatina huliita fila, linalonuka, linalochafua, na ambalo mtu hulinunua kwa fedha halali ili sehemu kubwa yake aifanye vumbi kwa msasa, limekaa makoponi likingoja msemaji, na kwa kuwa wasemaji bora wameshughulika na dhahabu, imebidi nijitokeze mimi. Wala sitalisifu katika kazi zake kubwa, za kuziba matundu ya malori na kunyoosha milango ya teksi, ambazo zina mapato na kwa hiyo zina heshima. Nitalisifu katika kazi iliyo duni kuliko zote, nayo ni kuumba miili ya matatu ndogo za kupamba meza.

Gatina ni kata mojawapo ya jimbo la Dagoretti Kaskazini, ubavuni mwa Kawangware, na kutoka hapo mtu hufika kwa miguu kwenye nyumba za kifahari za Lavington asiwe na haja ya kupumzika njiani. Kijana anayekulia huko huziona matatu za njia namba 46 zikipanda na kushuka mchana kutwa, na akiwa amejaaliwa mikono, haoni raha mpaka ameunda ya kwake. Basi la mita saba na nusu, likipunguzwa kwa uwiano wa 1 kwa 24, huwa na urefu wa sentimita 31 hivi, kiasi cha kukaa kwapani. Wenzetu wa ng'ambo walirahisishiwa kazi hii zamani, maana kampuni ya AMT ya Marekani ilianza mwaka 1958 kuuza magari ya plastiki ya kuunganisha pamoja na vipande vya ziada, ili mnunuzi aligeuze gari apendavyo. Nganya, yaani matatu iliyopambwa, haina sanduku lake la vipande. Chasisi ya Isuzu huvishwa bodi na mafundi wa hapa hapa, kila karakana na mkunjo wake wa paji la uso na uvimbe wake wa bampa, na mwaka hauishi ila mtindo umebadilika. Kwa hiyo anayetaka kuiiga hana budi kuanza na katoni, bati la kopo la mafuta ya kupikia, na mabaki ya plastiki nyepesi yaliyotupwa na waandika mabango, vitu ambavyo, vikikatwa kwa wembe na kuunganishwa kwa gundi, hutoa umbo lenye pembe kali, mianya, na aibu nyingi. Hapo ndipo puti huitwa.

Na sifa yake ya kwanza ni sitara. Dini na adabu zimetuagiza tusitiri aibu za wenzetu, agizo ambalo binadamu hulitimiza kwa taabu na majirani hawalitimizi kabisa. Puti hulitimiza bila kuhoji. Kasoro iwe ya kisu, ya rula, au ya usingizi wa fundi mwenyewe, huifunika yote kwa usawa, na ikishapigwa rangi haimkumbushi mtu hisani yake. Wako wanaosema kwamba huku ni kuhadaa watu, na hao ndio wale wanunuzi wa magari makuukuu wanaotembea na sumaku iliyofungwa katika kitambaa, wakaipitisha juu ya mlango wa gari taratibu, na pale isiposhika wakajua kwamba chini yake hapana bati bali puti, wakatikisa kichwa na kupunguza bei. Sina ugomvi na sumaku, walakini naiona ni chombo kisicho na malezi, maana haina kazi ila kufichua. Katika matatu ndogo karibu haina hata hiyo: katoni haishikwi, plastiki haishikwi, puti haishikwi, na ukiacha vipande vya bati, chombo kizima kimekuwa sitara juu ya sitara bila ya mtu kudhulumiwa.

Tena hesabu zenyewe zinaiheshimu. Fundi wa gari kubwa huonywa asiipandishe puti zaidi ya milimita sita au karibu yake, kwani ikizidi hupasuka. Ilhali puti ya nusu milimita tu kwenye matatu ndogo ni sawa na milimita 12 kwenye matatu ya barabarani. Kwa uwiano, basi, kijana wa Gatina hupaka maradufu ya kile ambacho kingemfukuzisha fundi kazini, na watu humwita msanii.

Nasaba yake pia si ya kubezwa. Mabaharia wa pwani yetu, baada ya makalafati kuziba mianya ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta, walilipaka jahazi sehemu ya chini kwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na hatukusikia kwamba nahodha aliona haya kuelea kwa msaada wa shahamu. Huko Marekani mafundi wa magari walikuwa wakijaza mabonde ya bati kwa risasi iliyoyeyushwa, kitu kizito, cha ghali, na chenye sumu, mpaka mwaka 1955 alipotokea mwenye gereji mmoja wa Miami, Robert Merton Spink, akachanganya gundi ya plastiki na unga wa talki, ule ule wanaopakwa watoto wakitoka kuoga, akaiita Bondo. Puti zilizojaa makopo ya Kirinyaga Road leo ni za ukoo huo, na anayezidharau ajue kwamba anadharau jamaa ya poda ya mtoto.

Ama kuhusu kuchagua, kwa kuwa puti si moja, mtu anaweza kupotea. Iko ya mrija, ya sehemu moja, ambayo Tamiya ya Japani na wengineo huwauzia watu wa magari madogo. Hukauka kwa kupotewa na kiyeyushi chake, na kiyeyushi kikiondoka nayo hunywea, hata shimo lililojazwa jioni likawa bonde asubuhi. Ni puti ya kiungwana, ina bei ya kiungwana, na haipendi kubebeshwa mzigo. Ile ya epoksi, mfano wa Milliput itokayo Wales, huja vijiti viwili vya kukandwa pamoja kwa vidole vilivyoloweshwa maji; hainuki sana, hainywei, hushika karibu kila kitu, nayo humngojesha mtu masaa mengi kabla ya kuguswa na msasa, jambo linalomfaa mwenye mshahara wa mwezi. Wengine hutumia hila ya supagluu iliyonyunyiziwa vumbi la mbao, ikaganda papo hapo. Lakini huwa ngumu kuliko katoni iliyo kando yake, na msasa, ambao hula kilicho laini kwanza, huchimba mahandaki pande mbili na kuliacha jabali katikati. Baada ya hizo zote inabaki puti ya gereji, ya kopo, yenye mrija mdogo wa dawa nyekundu ya kugandisha. Hiyo ndiyo ninayoivika kilemba.

Tazama inavyoandaliwa. Kijana huchukua kipande cha kigae, akaweka juu yake bonge la kiasi cha kidole gumba, gramu kumi hivi, na kando yake dawa isiyofika ukubwa wa punje ndogo ya njegere, maana kipimo chake ni gramu mbili kwa mia. Kisha kwa kadi ya plastiki iliyokwisha muda wake huikunja na kuikandamiza, huikunja na kuikandamiza, wala haikorogi, kwa sababu kukoroga huingiza hewa, na hewa hiyo hujificha kwa unafiki mpaka praima, ile rangi ya kwanza, imepigwa, ndipo ikajitokeza kwa vitundu vya ncha ya sindano. Michirizi myekundu hupungua, ikawa waridi, ikawa rangi moja isiyo na mchirizi, na hapo saa imekwisha kuanza kuhesabu. Huipaka juu ya pembe kwa mkono mmoja usiorudi nyuma. Dakika kumi baadaye, ikiwa imeshika lakini haijawa jiwe, huiparuza kwa wembe, nayo ikatoka kwa nyuzi ndefu zilizojiviringa, na umbo la bampa likaanza kuonekana chini yake. Muda huo ni mfupi, na anayeupitisha kwa kujibu simu atalipia kwa msasa namba 120, kisha 240, kisha 400, na vidole visivyo na alama.

Watu huilaumu kwa haraka yake. Nami nauliza: katika Nairobi nzima ni nani mwingine aliyeahidi dakika tano akatimiza? Mshonaji amesema kesho, karani amesema wiki ijayo, mwenye deni amesema mwisho wa mwezi. Puti imesema dakika tano, na dakika tano zikitimia imeganda, uwe umemaliza au hujamaliza. Ni kweli kwamba asubuhi za Julai, baridi ya Kawangware ikishuka, hujikokota kidogo. Mwenye pupa huongeza dawa ili aiharakishe, nayo humtii kwa wakati huo, kisha baadaye, matatu imekwisha kupigwa rangi nyeupe na kukabidhiwa mnunuzi, dawa iliyozidi hupanda juu ikachora doa mahali hasa ilipotiwa. Husitiri kasoro zote isipokuwa ya kuzidishiwa kipimo chake, na huo nauhesabu kuwa wema wenye mipaka.

Huilaumu kwa harufu. Harufu hiyo ni ya staireni, nayo hupenya mabati ya kuta bila hodi na kuwatangazia wapangaji wote kwamba mtu fulani ana kazi, habari ambayo mtaani si ndogo. Huilaumu kwa kula povu jeupe linalofungia televisheni, na hili nimeliona kwa macho: uso wa matatu uliochongwa kwa povu hilo ukapakwa puti, na mbele ya fundi wake paji likazama ndani, kwa sababu staireni huliyeyusha povu la aina hiyo. Wasiojua huita uharibifu. Mimi nauita ukaguzi, na ni ukaguzi usiopokea chochote mkononi. Huilaumu kwa kunywa maji, maana talki ni kiu tupu, na mwenye kuisugua kwa msasa wa maji kabla ya praima huyapeleka maji hadi kwenye bati, kutu ikazaliwa gizani. Lakini mtu aliyenyimwa maji ya bomba wiki nzima ana haki gani ya kuilaumu puti kwa kiu?

Juu ya vumbi lake nimetafuta hila ya kulisifu nikashindwa. Huingia mapafuni, na hapana balagha inayolitoa.

Mtihani wake mkubwa ni mstari wa manjano. Tangu sheria za matatu za Waziri wa Uchukuzi Michuki zilipoanza kufanya kazi mwaka 2004, matatu ilitakiwa kuwa na mstari huo ubavuni, na kwa hiyo matatu ndogo nayo haipendezi bila huo. Mstari mnyoofu juu ya ubavu wenye mawimbi hupinda, na jicho la mtoto hugundua mara moja kile ambacho mapambo na maandishi yalikuwa yamekifunika. Fundi mwerevu hupuliza kwanza rangi nyeusi hafifu juu ya puti, akasugua kwa msasa uliofungwa katika kipande cha mbao, na pale weusi unapobaki ndipo palipo na bonde. Hujaza tena, akasugua tena. Wengine hufanya hivyo mpaka kopo limekwisha, na bonde likahamia upande wa pili.

Mikono ya namna hii iliwahi kuthaminiwa kwingineko. Kati ya mwaka 1930 na 1968 General Motors ya Marekani iliendesha mashindano yaitwayo Fisher Body Craftsman's Guild, ambamo vijana waliunda kwa mikono magari madogo ya uwiano wa 1 kwa 12, washindi wakapewa fedha za kusomea chuo kikuu, na baadhi yao wakaja kuwa wabunifu wa magari wa kampuni hiyo hiyo. Mkono unaonyoosha ubavu wa basi la sentimita 31 ndani ya chumba cha mabati haupungukiwi na kitu kuliko mikono ile, ila kampuni. Wauzaji wa magari wa Nairobi, ambao kila mwaka hutafuta njia mpya za kutumia fedha za matangazo, wakitaka ushauri wangu, nimekwisha kuutoa.

Hukumu yangu juu ya puti ni hii. Kwa kazi ya bati na plastiki ya mabango, nunua ya gereji, kopo dogo kuliko yote, na kabla ya kulipa bonyeza mrija wa dawa uhakikishe kwamba haijatengana ikawa maji. Katoni ipakwe kwanza gundi ya mbao, na povu jeupe lipakwe mara mbili au liachwe kabisa. Ya mrija iwekwe kwa ajili ya vile vitundu vya sindano tu. Na barakoa inunuliwe siku ile ile, duka lile lile, kabla ya rangi.