Farasi wa Fedha Anazunguka

Waingereza wa umri fulani wakikutana hawaulizani hali. Wanaulizana walikulia chini ya kituo gani cha mkoa cha ITV, mtandao wa televisheni wa Uingereza. Granada? Tyne Tees? Wa Anglia ndio wenye machozi ya karibu. Nembo yao ilikuwa sanamu ya fedha ya shujaa aliyepanda farasi, ikizungushwa taratibu kwa muziki wa Handel. Hakuna vita, hakuna adui. Anazunguka tu, halafu kipindi kinaanza. Ukicheka, umegusa msiba wa watu.

Mapenzi haya ya televisheni ya zamani yangekuwa na mashiko zaidi kama wenye mali wangeitunza. Miaka ya 1960 na 1970 BBC ilikuwa ikifuta kanda zake ili izitumie tena, na sehemu kubwa ya tamthilia ya Doctor Who ya awali ikaenda na maji. Mwaka 2013 ikatangazwa kwamba vipindi 9 vilivyopotea vimeonekana: vilikuwa kwenye rafu ya kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Vikarudi kwao. Wanaijeria, watu wa ajabu, hawakudai vibaki Jos kwa kuwa wao ndio wanaojua kutunza. Hoja hiyo, nadhani, imetengewa shaba za Benin, ambazo Waingereza walizipora huko huko Nigeria.