Hata Mbwa Ananizidi Cheo

Jamani, mimi napendwa. Kila nikinunua bando, imeili inaingia: "Mheshimiwa sana Profesa, tumeguswa na utafiti wako uliotukuka." Profesa! Mhadhiri msaidizi mimi, kiti kimevunjika mguu, ofisi nachangia na ndoo za mfagizi. Nyumbani mama watoto ananiita "we' nanihii." Leo mtu ananiita mheshimiwa, nikatae?

Utafiti wangu ni wa mihogo. Jarida linaloutaka ni la upasuaji wa moyo. Nikasema wasomi hao, wanajua pa kuuweka. Eti mabingwa watausoma, majibu ndani ya saa 48. Wakubwa wangu kazini ukiwapa kurasa mbili, mwaka unakatika. Na bila machapisho hupandi cheo, utazeeka na ndoo. Nikautuma, wale wakajibu chapu: "Makala safi, haina kosa hata moja." Haina kosa! Jina langu mwenyewe nilikuwa nimelikosea. Chini yake bili. Dola 300. Dola, sio madafu! Hapa Mangi ananidai mayai, nikipita dukani kwake nainama kama natafuta sarafu.

Kijana wa maktaba akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Matapeli hao, mzee. Wanavuna ada, hakuna anayesoma kitu. Akanipa darasa la bure. Jeffrey Beall, mkutubi wa Denver kule Marekani, alikuwa na orodha yao ndefu mtandaoni, akaiondoa 2017. Na 2013 mwanahabari John Bohannon alitunga utafiti feki wa dawa ya saratani, akautuma kwa majarida 304. Yakaukubali 157! Kumbe hata kwenye kusifiwa uongo nimekuta foleni.

Hayo nilimeza. Kilichonikaba ni mbwa. Kule Perth, Australia, profesa mmoja wa afya, Mike Daube, alimwandikia mbwa wake wasifu, akambatiza Dakta Olivia Doll. Ubingwa wake, faida za kuwakanda mbwa tumbo. Kufika 2017 mbwa yuko kwenye bodi za majarida saba. Saba! Mimi hata kamati ya harusi mtaani hawaniweki. Sasa mihogo yangu nani kaipitia? Labda kaipitia kwa kunusa, kakuta haina mfupa, kaandika safi.

Basi nawe wakikuita profesa, funga pochi. Na kama hizo dola 300 zinakuwasha mfukoni, pitia kwa Mangi, mwambie unalipia yale mayai. Jina langu lipo kwenye daftari lake, na yeye hajalikosea.