Gitaa Lisilojua Kunyamaza

Kijana yeyote wa Nairobi anayepiga hevi metali ana jibu moja kwa kila shida: pikapu. Sauti ikikwaruza, pikapu. Akipotea mdundo na mpiga ngoma akamkodolea macho, pikapu. Akifukuzwa kwenye bendi, atakuambia wale jamaa hawakuzielewa pikapu zake. Nimewasikiliza vya kutosha chumbani kwangu hapa Baba Dogo, wakinywa chai yangu na kunieleza kwamba gitaa langu linahitaji kitu cha dola mia na ushee kutoka Marekani, ukiongeza usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16, ndipo lianze kunguruma. Kunguruma lilinguruma. Lilichoshindwa ni kunyamaza, na hilo hakuna aliyeniuliza.

Kwa asiyejua, sizungumzii gari la kubebea viazi. Pikapu ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara, ikafungwa chini ya nyuzi. Uzi wa chuma ukitikisika hapo juu, umeme kidogo unazaliwa ndani ya ule waya, unasafiri hadi kwenye amplifaya, na huko ndiko mambo hunoga au huharibika. Basi, uchawi wake ni huo tu. Taabu ni kwamba waya huo ni mdaku. Hausikilizi nyuzi za gitaa peke yake. Unasikiliza kila chenye umeme kilicho jirani, nami ninaishi Baba Dogo.

Wanaotoa ushauri wa pikapu huishi mahali ambapo kelele ya jirani ni mbwa. Kelele zangu mimi ni viwanda. Ukitoka Outering ukaingia Baba Dogo Road unapita geti baada ya geti, na nyuma ya kila geti kuna mota inayozunguka. Kwenye ploti yetu kinyozi yuko chini yangu, fundi wa kuchomelea mageti yuko nyuma ya ukuta wangu, na ng'ambo ya barabara kuna posho mill inayoamka kabla ya jogoo. Soketi ya chumba ina matundu matatu, lakini nimeifungua nikachungulia: la tatu halina waya, limewekwa kwa heshima. Nilipomwendea mwenye nyumba kumwuliza waya wa ardhi uko wapi, alinitazama kwa huruma akasema nyumba yote imejengwa juu ya ardhi, sasa mimi nataka ardhi gani nyingine.

Gitaa nililoanzia lilikuwa na pikapu za koili moja. Unaliwasha, hujagusa kitu, linavuma. Ukishika nyuzi mvumo unapungua. Ukiachia unarudi na nguvu mpya. Mchomeleaji akigusisha chuma, amplifaya inakohoa. Kinyozi akiwasha mashine, inapiga mluzi mwembamba. Nilifika mahali pa kujua biashara ya kinyozi imeendaje bila kuchungulia dirishani, na siku moja nilimpa pole kwa kukosa wateja, akaniangalia vibaya hadi leo.

Mvumo wenyewe una noti. Umeme wa Kenya hupigapiga mara 50 kwa sekunde, na hiyo, kwa mwenye sikio, ni G ya chini kabisa, iliyopanda kidogo tu. Wamarekani wao ni mara 60, kwa hiyo gitaa lao huvumia mahali pengine, kati ya B flati na B. Uzi mzito wa gitaa langu ni E. Basi nikipiga E yangu, stima inanijibu G, na noti hizo mbili pamoja ndizo mwanzo wa kila wimbo wa msiba. Nakubali kwamba kwa metali hilo si baya. Ila ningependa niulizwe kwanza.

Kuna mzee kwenye ploti aliyepiga benga miaka hiyo, mtu wa kuwataja D.O. Misiani na Shirati Jazz kana kwamba walikopeshana nyuzi jana. Nilimlalamikia kuhusu mvumo. Akacheka mpaka akashika goti. "Omera, hata zetu zilikuwa zinavuma! Lakini benga hainyamazi. Huo mvumo utausikia saa ngapi?"

Nilirudi ngazini nikiwa nimekasirika kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli. Tangu siku za Fundi Konde, anayetajwa miongoni mwa watu wa kwanza Afrika Mashariki kushika gitaa la umeme, muziki wetu wa gitaa umekuwa maji yanayotiririka. Solo ikipumzika, ridhimu inafuma. Ridhimu ikikohoa, besi inajaza. Hakuna upenyo wa stima kupitisha kichwa. Metali inatafuta upenyo huo kwa makusudi. Unaubana uzi mzito kwa ubavu wa kiganja, dugu-dugu-dugu, kisha bendi nzima inakatika kwa mpigo mmoja. Nusu sekunde ya kimya. Halafu mnarudi kwa kishindo. Utamu wote umo kwenye ule mkato. Na distoshoni, ambayo bila yake hakuna metali, kazi yake ni kuinua kila kidogo hadi kilingane na kikubwa, kwa hiyo mkono ukisimama inaokota ule mvumo na kuupandisha jukwaani. Unawaahidi watu kimya cha kutisha, unawapa posho mill.

Dawa yake ilipatikana zamani, na aliyeipata hakuwa na habari ya metali maana haikuwepo. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hati ya ubunifu mwaka 1955 na kuipata mwaka 1959. Alichukua koili mbili akazilaza ubavu kwa ubavu, moja ikazungushwa kinyume cha mwenzake, na sumaku ikaelekezwa kaskazini kwa moja na kusini kwa nyingine. Mvumo wa stima ukiingia koili zote mbili unatoka umepinduliwa upande mmoja, unafutana. Sauti ya uzi, kwa kuwa imepinduliwa mara mbili, inatoka upande uleule, inajumlishwa. Ni kama kuwa na majirani wawili wambea wanaobishana kwa kila uvumi: uvumi wao unakufa, unabaki na yale waliyokubaliana. Hiyo ndiyo hambaka. Kwa mpiga metali wa mtaa wenye viwanda, uchaguzi wa pikapu umekwisha hapo, na ningefunga safu hii ningekuwa sijamnyima mtu kitu.

Lakini vijana hawatoki. Chai bado ipo. Wanatoa mita ya fundi na kuanza kupima omu. Hambaka za kale za Gibson zinasoma omu 8,000 hivi; JB ya Seymour Duncan inasoma 16,000 na zaidi; basi ya pili ina nguvu mara mbili, sivyo? Sivyo. Ukitumia waya mwembamba zaidi omu zitapanda hata kama hujaongeza mzunguko mmoja. Nimeeleza hili hadi nikachoka. Wanaisoma ile nambari wanavyosoma nguvu za injini ya matatu, na mwenye ndogo anakaa kona.

Wakimaliza omu wanaingia kwenye sumaku. Alniko ni mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti na chuma, na sauti yake ina ulaini fulani ukingoni. Seramiki ni kali, inabana, inakata. Ndiyo iliyowekwa kwenye Super Distortion ya DiMarzio mwaka 1972, na metali nyingi imepita hapo. Mimi nachukua seramiki bila kujadiliana, kwa sababu mkato wake ni safi. Ila naomba waache kuitamka kwa sauti ya ibada. Sumaku ya jamii hiyohiyo imegandishwa nyuma ya kila spika iliyokufa pale Luthuli Avenue, na hakuna anayeiamkia.

Na kuna wale wa betri. EMG 81, pikapu ya James Hetfield wa Metallica na Kerry King wa Slayer, ina koili zenye mizunguko michache na kikuza sauti kidogo ndani yake kinachokula betri ya volti 9. Ni tulivu kweli, siwezi kuisingizia. Ukiniletea nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini betri inaendelea kuliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa gitaani, hata ukilala, na asubuhi unakuta gitaa lina sauti ya mgonjwa. Halafu mtaa huu stima ikipotea, jamaa mwenye EMG ndiye mtu pekee kwenye ploti mwenye umeme. Anasimama gizani, pikapu zinafanya kazi barabara, amplifaya imekufa, anapiga na hakuna anayesikia isipokuwa yeye.

Mimi nilinunua gitaa la mkono wa pili lenye hambaka ya seramiki isiyo na jina, na aliyeniuzia aliapa kwamba ni zima. Koili moja ilikuwa imekatika na mtu alikuwa ameiruka kwa kiwaya, kwa hiyo nililipa hambaka nikapata koili moja, na kinyozi akarudi hewani siku hiyohiyo. Nikaipeleka kwa fundi wa mota, yule anayezungusha upya mota za posho mill na pampu za maji. Kibanda chake kina marobota ya shaba nene kama... basi, nene. Akaifungua ile pikapu juu ya goti, harufu ya nta ikatoka, maana koili huchovywa kwenye nta zisije zikapiga ukelele. Akalamba kidole, akautafuta ule waya kwa ncha ya kucha, akauinua mbele ya balbu. Unene wake ni milimita 0.06 hivi, hakuuona. Aliuona ulipometa.

"Boss," akasema, "hii ni waya ama ni nywele ya mtu?"

Aliacha kupumua kwa muda. Akafungua mzunguko mmoja wa nje, akapata mahali ulipokatikia karibu na kiungo, akauchovya kwenye tone la lehemu iliyoyeyuka ili rangi yake iungue, akaukandika. Akaweka mita. Mshale ukapanda. Akanitoza bei ya pampu ya maji. Nilipolalamika kwamba pampu ina kilo kumi za shaba na hii haina hata kijiko, alijibu kwamba pampu haijawahi kumfanya alambe kidole.

Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kunishauri kwa sababu halina duka: nikachukua bisibisi nikashusha pikapu. Ikikaa karibu mno na nyuzi, sumaku inazivuta, zinashindwa kutikisika kwa uhuru, na sauti inayumba. Iache milimita mbili, tatu, uzi ukiwa umebanwa mwisho wa shingo. Bure kabisa. Nimeona gitaa la bei ya pikipiki likilia vibaya kwa kukosa nusu mzunguko wa skrubu.

Wapo wanaoniambia eti hata nikifanya yote hayo, metali si muziki wa Baba Dogo. Hawa ndio wanaonitoa povu. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa kibarua wa kiwanda cha mabati Birmingham. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye hupiga kwa shoto, kwa hiyo ndivyo vidole vya kukandamiza nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni akajitengenezea ncha bandia, akafunga nyuzi nyembamba, baadaye akazilegeza, na ile sauti nzito ikapatikana. Kibarua, mashine ya mabati, chupa ya sabuni: nionyeshe mtaa wa Nairobi unaostahili kuliko huu. Na Nairobi yenyewe imewapa watu bendi za Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy, kisha ikawatoa Duma, watu wawili tu, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kusikilizwa mbali kuliko mabishano yote ya omu.

Basi gitaa langu sasa liko sawa. Nalikata, linakatika. Mchomeleaji anachomelea, kinyozi ananyoa, na kwenye ile nusu sekunde hakuna kitu, wala stima. Jambo la kwanza lililotokea ni kubishiwa hodi na mhubiri wa kanisa la ghorofa ya juu. Nilijiandaa kwa mahubiri. Nina fulana zenye picha ambazo huzua mahubiri. Akasimama mlangoni akasikiliza, mimi nikiwa nimeshika nyuzi.

"Ndugu yangu, hili lako halivumi?"

Nikamwambia halivumi.

"Letu linavuma hata wakati wa maombi ya kimya."

Sasa kila Jumapili gitaa langu la metali, jeusi, lenye pembe mbili, linapanda ngazi kwenda kupiga sebene ya kuabudu. Kijana wao analipiga safi, bila distoshoni hata chembe, na waumini wamelisifu kwa utulivu wake. Jumapili ijayo kuna harambee ya paa. Wameuliza kama nina lingine la ridhimu.