Nahodha wa Miezi Saba

Washairi wamesifu wapenzi, mashujaa na majahazi. Mimi nasimama kusifu jambo ambalo sijaona aliyelitungia hata ubeti: kusafiri usiku kucha na mtoto anyonyaye, kutoka Bukavu hadi Goma, hapa Kongo, juu ya maji ya Ziwa Kivu.

Ningesifu treni yenye vitanda, ila sisi wa Bukavu hatuna. Wabelgiji walitandika reli kutoka Kalundu, pale Uvira, ikafika Kamanyola, ikatazama juu, ikaona milima ya Ngomo, ikaishia hapo. Leo hata hiyo ya bondeni haipo tena. Kitanda chetu cha safari ni kile cha meli ya usiku: unapanda jioni, unavuka kilomita kama 100 za ziwa, unashuka Goma asubuhi. Zipo pia boti za kasi, zinafika mchana kwa saa chache tu. Hizo tuwaachie watu wasiopenda fahari.

Fahari ilianza bandarini. Ilikuwa mwaka 2019. Nilikuwa na mfuko mkubwa, beseni, termosi, na kijana wa miezi saba mgongoni ndani ya kitenge. Mabwana wenye mikoba ya ngozi walikuwa wakisukumana kwenye ubao wa kupandia. Mwanangu akafungua kinywa mara moja tu. "Mupishe mama wa mutoto!" Njia ikafunguka. Waziri huhitaji gari la kumpigia king'ora; mimi changu nilikuwa nimekibeba mgongoni.

Ziwa Kivu halina mamba. Abiria wa meli za huku hukosa kabisa mnyama wa kuogopa, na safari isiyo na hofu haina hadithi. Nilipoingia kwenye kabini ya vitanda vinne, wenzangu watatu walitazama kitenge, wakatazamana, nikajua nimewaletea kilichokuwa kinakosekana.

Tiketi yangu ilinipa kitanda cha juu. Shuka ilikuwa nyeupe, imekunjwa pembe kwa pembe, ina alama za pasi. Niliitazama vizuri, nikaikumbuka usiku mzima.

Kilio kilianza kama saa tatu. Msomaji asiye na mtoto anaweza kudhani kilio ni kelele. La, ni mkutano. Bwana mmoja mwenye tai, ambaye bandarini hakuitikia hata salamu yangu, alitoka kabini ya jirani na soksi tu kuja kunishauri nimfunike. Kijana mmoja akasema nimfunue. Mzee akauliza kama babu yake amearifiwa kwamba mtoto anavuka ziwa. Kwa saa nzima watu wa kabila hili na lile, wenye kabini na wanaolala sakafuni juu ya mizigo, walikuwa na jambo moja la kujadili, na hakuna aliyetaja siasa. Nitajieni mwanasiasa wa nchi hii aliyewahi kuwapata watu hivyo bila kuwagawia fulana.

Tatizo lilikuwa gesi, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu mwanangu. Ziwa tulilokuwa juu yake lina kina cha karibu mita 480, na huko chini limefungia methani ya kilomita za ujazo zipatazo 60, pamoja na kaboni dioksidi kama mara tano ya hiyo. Uzito wa maji ndio unaoikandamiza isipande. Kule Karongi, upande wa Rwanda, wameliwekea mabomba, wanaivuta gesi polepole na kuifanya umeme. Mwanangu ameumbwa vilevile, ila bomba hana.

Mhandisi alipatikana kitanda cha chini: mama mmoja mfanyabiashara, mwenye mizigo ya kupeleka sokoni. "Lete mutoto, yaya." Akapumulia viganja vyake mpaka vikapata joto, akamlaza chali, akashika miguu yote miwili, akakunja magoti taratibu hadi tumboni, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Akakunjua. Akakunja tena. Mara ya tatu ikasikika sauti ambayo sitaielezea. Kabini nzima ikaitikia, "Aksanti!"

Mtoto hakulala, lakini alinyamaza, alimradi nitembee. Basi nikatembea. Wenye vitanda wakakoroma wakapita Idjwi bila kuiona, kisiwa kizima, cheusi kimelala ubavuni mwetu. Mimi niliiona. Niliwaona na wavuvi wa sambaza, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, taa zinaning'inia juu ya maji, nyimbo zao zikitufikia kwa vipande, pale upepo unapotaka. (Sambaza wenyewe ni wageni, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani atakumbuka?) Baadaye kaskazini kukawa na wekundu juu ya mawingu: volkano ya Nyiragongo. Mwanangu aliunyooshea mkono kama anayeomba wapunguze mwanga.

Alisinzia alfajiri, kifua chake kimeegemea ukuta wa chuma unaotetemeshwa na injini. Dakika kumi na tano, nadhani. Taa za Goma zikaonekana. Nahodha akapunguza mwendo tusubiri bandari ifunguliwe, kisha akazima injini kabisa, kwa hisani yake, abiria walale kidogo.

Ukimya ule ulimwamsha kama kofi. Meli nzima ikaamka naye. Sauti ya mwanamume ikatoka gizani, imechoka, inaomba kwa adabu: "Nahodha, washa."

Akawasha.

Tulipokuwa tukishuka, kijana anayekagua kabini alichungulia kitanda changu. Shuka nyeupe, pembe kwa pembe, pasi bado inaonekana. Akafurahi kwelikweli. "Mama," akaniambia, "abiria wangekuwa wote kama wewe."