Inua Mkono Kwanza

Coventry, Januari

Kwa Bibi, Mjomba, Shangazi na wote mnaokaa barazani hapo Barabara ya Tisa, Ngamiani, pamoja na yule anayepita njia tu lakini akisikia barua inasomwa ataketi:

Dhumuni la barua hii ni kusahihisha habari aliyoitoa Shangazi kwenye harusi ya Chumbageni, kwamba mimi ni injinia wa vioo na nina ofisi inayotembea. Ofisi inayotembea ni kweli. Ni gari jeupe la mizigo lenye ngazi juu, na ndani yake mna makopo ya skrubu, bawaba, vitasa, na mimi. Uinjinia ndio haupo. Mimi ni msaidizi wa fundi anayetengeneza milango na madirisha ya plastiki yenye vioo viwili. Fundi mwenyewe ni Mwingereza aliyekulia mji huu enzi viwanda vya magari vikiajiri mtaa mzima. Namwita Mzee, naye ananiita kijana, ingawa ndevu zangu zina mvi nyingi kuliko zake, maana yeye hunyoa.

Mjomba ameshaniuliza kwa simu: "Kumbe Ulaya nako milango inaharibika?" Mjomba, inaharibika mpaka mtu anapata riziki. Kuanzia miaka ya 1980 Waingereza waling'oa madirisha yao ya mbao kwa wingi, wakatia ya plastiki yenye vioo viwili, katikati pamefungiwa hewa, au gesi ya agoni kwa yale ya gharama, ili joto la ndani lisitoroke. Wauzaji waliwaambia plastiki haihitaji kupakwa rangi. Wao wakasikia haihitaji chochote. Basi hawatii tone la oili, hawakazi skrubu, na siku mlango unapogoma wanashangaa kuliko wewe uliyeko Ngamiani.

Na mlango wenyewe una masharti. Hapo kwetu ukitoka unavuta mlango, unazungusha ufunguo, unatingisha kuhakikisha, unakwenda zako. Huku ukifanya hivyo ufunguo haugeuki. Sharti kwanza uinue mkono wa mlango, juu kabisa, ndipo ufunge. Ubavuni mwa mlango umefichwa ukanda wa chuma unaoanzia karibu na kizingiti na kupanda hadi juu. Katikati ya ukanda kuna kisanduku cha gia, na juu na chini yake kuna ndoano. Ukiinua mkono, gia inausukuma ukanda, ndoano zinachomoza zote kwa pamoja na kujikita kwenye matundu ya fremu. Kazi ya ufunguo ni kuzizuia zisirudi. Asiyeinua mkono, mlango wake umeshikwa na ulimi mmoja tu wa kitasa, na akiibiwa, watu wa bima watataka kujua alifungaje kabla hawajagusa pochi.

Sasa mlango huo ni mzito, umening'inia upande mmoja, na kutwa unasukumwa na watoto, waleta vifurushi na upepo. Taratibu unainama upande wa kitasa. Milimita mbili tatu zinatosha. Ndoano zinayakuta matundu katika hali ya shati lililokosewa kifungo cha kwanza: vyote vipo, hakuna kilicho mahali pake. Mama wa nyumba anainua mkono, haupandi. Anaongeza nguvu, unapanda huku gia inalia. Kesho yake anamwita mumewe. Keshokutwa mume anamwita shemeji anayecheza raga. Shemeji akishamaliza, wanatupigia sisi.

Mzee akifika hafungui hata sanduku la vifaa. Anauacha mlango wazi, anainua mkono. Ukipanda kwa ulaini mlango ukiwa wazi, halafu ukagoma mlango ukifungwa, kitasa ni kizima na ugonjwa uko kwenye bawaba. Ukigoma hata mlango ukiwa wazi, gia imekwenda na maji, na hapo tunamshukuru shemeji. Hicho ndicho kipimo, na ni bure, lakini nchi nzima hii hakuna aliyefundishwa shuleni.

Bawaba zenyewe zina skrubu za kurekebishia. Moja hupandisha mlango, nyingine huusogeza kushoto na kulia, na baadhi huwa na ya kuubana kwenye raba upepo usipenye. Mzee anachomeka ufunguo wake wa pembe sita, anazungusha nusu, anajaribu, anazungusha robo, anajaribu, anatikisa kichwa, anarudisha robo. Bawaba zikishindwa, kuna siri nyingine ndani ya kioo. Mlango wenye kioo kikubwa haunyooshwi na plastiki yake, unanyooshwa na hicho kioo. Vibao vidogo hupachikwa baina ya kioo na fremu, kimoja pembe ya chini upande wa bawaba na kingine pembe ya juu upande wa kitasa, ili uzito ushuke mshazari na kutua bawabani. Aliyeufunga mlango akivisahau, utainama tu, hata uubadilishie bawaba kila Krismasi.

Tulikwenda kwa bibi mmoja kwenye zile nyumba zilizoshikana ukuta. Kabla yetu alikuwa amekuja kijana wa mauzo, tai shingoni, akamwambia mlango umekufa na dawa yake ni mpya. Bei ilipita pauni elfu moja, na punguzo lilikuwa linakwisha jioni ile ile. Bibi kwa bahati nzuri alitaka kwanza kumwuliza paka. Mzee alizungusha skrubu, akamwambia ainue. Bibi akainua kwa kidole kimoja. Akasimama pale anainua na kushusha, anainua na kushusha, chai inapoa. Mwishowe akasema, "Sasa yule kijana wa tai nimwambie nini akirudi?" Mzee akajibu, "Mwambie ainue mkono."

Msiwaone Waingereza wajinga. Hapo nyumbani kitasa kikisumbua unamtuma mtoto kwa fundi wa kona ya pili, anakuja na bisibisi mfukoni, anakifungua, anakipuliza, anakirudisha, na wapita njia watano wameshatoa ushauri. Huku kona ya pili kuna duka la kahawa. Fundi anapatikana kwa simu, anatoza hata kwa kufika tu, na anayejibu simu haraka kuliko wote ni yule anayeuza mlango mzima. Gia ni kipuri cha makumi ya pauni. Ukitaka kuinunua unapima, mkono kwa silinda, katikati hadi katikati, mara nyingi ni milimita 92, kisha unasoma jina lililogongwa kwenye chuma. Lakini nani atakaa chini kupima wakati kijana wa tai ana kalenda ya malipo ya kila mwezi?

Hata sheria humsaidia fundi mdogo. Tangu Aprili 2002, kwa England na Wales, ukibadilisha dirisha zima lazima kazi ithibitishwe kwamba imefuata kanuni za ujenzi, ama na mfungaji aliyesajiliwa katika mpango kama FENSA, ama na halmashauri. Ukibadilisha mkono au bawaba, hakuna anayekuuliza cheti. Nimemwambia Mzee hiyo ndiyo kazi ya kufanya ugenini, ile isiyoulizwa karatasi.

Msidhani huku hakuna wezi. Wapo, na wamesoma. Silinda ya vitasa hivi ni nyembamba zaidi pale katikati panapopita skrubu inayoishikilia. Ikichomoza nje ya mkono, mwizi anaikamata kwa koleo, anaivunja hapo hapo, na anaingia bila kuamsha mtu. Tunawawekea silinda yenye mkato maalumu karibu na mbele, ili ikivunjwa kikatike kipande cha nje na moyo wa kitasa ubaki salama. Kiwango chake kinaitwa TS 007, msicheke. Hesabu ni nyota tatu: ama silinda yenye tatu peke yake, ama silinda ya nyota moja ukiioanisha na mkono wa nyota mbili. Na isichomoze zaidi ya milimita tatu. Mzee anasema silinda iliyochomoza ni mwaliko wa chakula cha jioni.

Lakini kazi niliyoipenda kuliko zote ni ya dada mmoja wa Lubumbashi, muuguzi. Alitoka nje kumwaga taka, saa kumi jioni, giza linaingia, na upepo ukamfungia. Mikono mingi ya nje ya milango hii hairudishi ulimi wa kitasa, kwa hiyo ukijifunga umejifunga. Jirani alikuwa na ufunguo wa akiba, lakini wa ndani ulikuwa umechomekwa kwenye silinda, na silinda ya kawaida haikubali funguo mbili. Ndani yumo mama yake mzazi, mgeni wa juzi juzi. Dada akaniona nashuka kwenye gari, akasema, "Papa, mulango inakatala!" Nikapiga magoti kwenye tundu la barua, nikamwamkia mama, nikamwomba afungue. Nikasikia mkono unapanda: kra! Ndoano zote zimeingia. Nikamwomba tena. Kra! Kumbe tangu afike, binti yake alikuwa amemfundisha neno moja tu kuhusu mlango wa Ulaya: inua mkono. Naye mama alikuwa mwanafunzi mzuri. Nikapiga kelele, "Shusha, mama, shusha!" Mama akauliza kwa ukali, "Weye ni nani wa kunipa amri?" Mzee, ambaye hakuambulia neno hata moja, alikuwa ameegemea gari anakunywa chai yake kwa raha ya mtu aliyelipia tiketi. Tulipofunguliwa, mama alinitazama juu hadi chini, akatuletea sambusa, na hatukutoza senti.

Madirisha nayo yana vituko vyake. Bawaba zake hazionekani. Ni mikono bapa ya chuma iliyojificha kwenye fremu, inayolishikilia dirisha kwa msuguano lisipigwe na upepo. Kabla ya kununua nyingine unapima urefu na unene, maana kuna za milimita 13 na za milimita 17. Ukikosea, dirisha litabana au litaacha upenyo wa kupitisha Februari yote. Tulikuta nyumba ya wanafunzi wa chuo ambamo dirisha limefungwa kwa soksi. Soksi moja, kwa fundo la kibaharia. Walipomlalamikia mwenye nyumba kwamba bawaba imekatika, aliwashauri wasilifungue. Mzee akawaeleza kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985: kwa upangaji wa chini ya miaka saba, kutengeneza sehemu za nje za nyumba ni juu ya mwenye nyumba, na madirisha na milango ya nje yamo. Wakamwandikia. Tulipoitwa kulitengeneza, bili ilikwenda kwa mwenye nyumba na soksi ikarudi kwa mwenyewe, ambaye hakuitaka.

Na kuna yule babu wa kioo chenye ukungu. Kila asubuhi anakifuta ndani, anatoka nje, anapanda ngazi, anakifuta nje, anarudi ndani, ukungu upo. Akaamini kwamba macho yake ndiyo yameharibika, akaenda kubadilisha miwani. Baina ya vile vioo viwili kuna ukingo uliojazwa chembechembe za kunyonya unyevu. Gundi ya pembeni ikichoka, unyevu unaingia, chembe zinashiba, na umande unabaki katikati ambako kitambaa hakifiki. Hahitaji dirisha jipya, anahitaji kioo tu. Unabandua vile vibanzi vya kukishikilia, unapima upana, kimo na unene, mara nyingi milimita 28, unaagiza, unarudishia kwenye fremu ile ile. Siku tuliyomwekea alisimama muda mrefu akitazama nje, kisha akasema hajawahi kujua bustani ya jirani ni chafu kiasi kile.

Mwisho, Mjomba, kuhusu lile wazo lako la kujaza kontena milango na madirisha ya mtumba uje kuuza Tanga. Nimemfikishia Mzee. Anasema mengi hayatoki mazima, maana ili kuyang'oa wafungaji hukata fremu kwa msumeno. Anasema pia kwamba siku gia ya kwanza itakapokufa pale Ngamiani, na kipuri hakipo mpaka Kariakoo, mteja hatakuja kwa Mzee, atakuja kwako. Kama moyo wako bado unataka, nitakutafutia mlango mmoja wa majaribio. Lakini kwanza upime tundu la ukutani: upana sehemu tatu, kimo sehemu tatu, kwa milimita, kisha uchukue kipimo kidogo. Kile ulichonitumia kwa simu, "anapita mtu mmoja na gunia lake", Mzee amekitafuta katika vitabu vyake vyote vya bei. Sasa anauliza: gunia la nini?

Wasalaam,
mwanenu, msaidizi wa fundi